Penseli, Mkeka na Mbuyu: Vidokezo vya Kuchora Miti Yenye Historia

Mti mkongwe una sifa moja inayomfaa mchoraji mzito wa mkono kama mimi: hauhami. Mbuzi utamchora kichwa, ukifika kwenye mkia keshaenda zake. Mbuyu utauacha Jumatatu, ukirudi baada ya masika unaukuta palepale, umeota majani tu. Kinachohama ni habari zake. Mzee aliyejua kwa nini tawi la kusini lilikatwa anazikwa, mjukuu wake anahamia mjini, na mti unabaki mti tu, mpaka siku waje watu na msumeno waulize, "Huu nao una kazi gani?"

Kwa hiyo mimi huchora vitu viwili kwa pamoja: mti, na maneno ya watu walioukuta. Nimezunguka na daftari langu miaka kadhaa sasa, zaidi Bagamoyo na Pangani, na nimekosea kwa kila namna. Haya ndiyo niliyoyaokota njiani. Mengine niliyaokota pamoja na siafu.

1. Anzia kwenye kituo cha daladala

Huna haja ya kwenda porini. Panda daladala Dar es Salaam, umsikilize kondakta: Mbuyuni, Mkwajuni, Mwembechai, Mwembe Yanga, Mnazi Mmoja. Unguja wana Mkunazini, Miembeni, na Mnazi Mmoja yao. Mombasa wana Mwembe Tayari. Mitaa tuliipa majina ya miti kwa sababu mti ndio uliokuwa alama ya njia, mahali pa miadi na pa kutulia mzigo. Ukimuuliza kondakta mbuyu wenyewe uko wapi, atacheka. Ukimuuliza mama anayeuza mihogo kituoni, ataanza, "Bibi yangu alikuwa akisema..." Umeshapata kazi.

Mara nyingi utakuta mti haupo, pana duka la simu. Usigeuze. Chora duka la simu, mwavuli wa wakala wa fedha, bodaboda zilizopangwa, kisha acha nafasi nyeupe pale wazee watakapokuonyesha kwa kidole. Mchoro wangu ninaoupenda kuliko yote una tundu jeupe katikati, na hakuna aliyeutazama asiulize pale pana nini.

2. Salamu kwanza, penseli baadaye

Mtu anayekaa chini ya mti na kuukodolea macho saa mbili bila kununua kitu ni mtu wa kutiliwa shaka. Siku ya kwanza ya kuchora mkwaju mmoja wa Pangani nilitandika mkeka, nikatoa karatasi, nikaanza. Dakika kumi baadaye nilikuwa na watu saba mgongoni, na wote walikuwa wameshakubaliana kwamba mimi ni mpima viwanja.

Mzee muuza kahawa ndiye aliyeniokoa, baada ya kunipiga kijembe kidogo.

"Mjukuu wangu, huko kwenu hawaamkiani?"

"Shikamoo, babu. Nisamehe."

"Marahaba. Eneo hili lina wenyewe, unajua?"

"Sipimi, babu. Nachora mti."

Akautazama mkwaju, akaitazama karatasi. "Mti si huo hapo unauona? Huo wa karatasi wa nini?"

Sikuwa na jibu. Nikanunua kahawa na kashata, nikakaa naye, na siku ile sikuchora hata mstari mmoja zaidi. Tangu hapo huo ndio utaratibu wangu: siku ya kwanza ni ya shikamoo na kahawa. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji apate habari. Kama mti uko ndani ya ua wa mtu, wa msikiti au wa kanisa, piga hodi na usubiri ujibiwe. Penseli itoke siku ya pili.

3. Vifaa visikuzuie

Penseli tatu zinatosha: HB ya kupangia umbo, 2B ya kivuli chepesi, 6B ya gome na mapango. Ongeza kifutio, kichongeo, ubao wa kuegemeza karatasi na chupa ya maji. Edward Saidi Tingatinga alianzisha mtindo mzima wa uchoraji kwa rangi za dukani za kawaida, kwa hiyo usiniambie unangoja seti ya rangi kutoka Ulaya. Kimoja tu sikubali kikose: mkeka. Kiti hukuweka juu ya watu, mkeka hukuweka nao.

4. Kaa upande wenye kovu

Mbuyu wa kadi za posta unaujua: mweusi tii, jua linazama nyuma yake, na twiga kama bahati ipo. Mbuyu ule hauna mwenyewe wala kijiji. Ukitaka kuchora mti fulani, ambao hauna pacha, zunguka shina lote kwanza. Tafuta ulipoumia na ulipotumiwa: msumari, alama ya kamba, herufi za wapenzi, tawi lililokatwa, gome lililochunwa. Mbuyu ukichunwa gome huota jingine, na ndiyo maana watu wamesokota kamba kwa nyuzi zake vizazi na vizazi bila kuuua. Mingi ya ile mikunjo unayoidhani ya uzee ni kumbukumbu ya visu. Ichore mmoja mmoja.

Nenda Bagamoyo, kwenye misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu iliyoanza 1868. Pale pana mbuyu mkubwa, na wageni hurudi nyuma hatua ishirini ili uenee wote kwenye picha. Wewe sogea mbele. Kwenye shina kuna kipande kifupi cha mnyororo kimechomoza. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kizungu, Madame Chevalier, aliyekuja kusaidia wagonjwa, alikuwa akimfunga punda wake hapo. Punda akafa, mama akafa, mnyororo ukasahaulika, na mbuyu ukaendelea kunenepa mpaka ukaumeza. Nilimaliza karatasi tatu kwenye kile kichuma. Mti mzima niliuchora pembeni, mdogo kama stempu, na sijuti.

Ukiwa hapohapo, ukumbuke mti mwingine uliokuwa mbali sana. Februari 1874 maiti ya David Livingstone ilifikishwa kwenye misheni hii na watumishi wake, akina Chuma na Susi, waliotembea nayo kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo. Moyo wake waliuzika kulekule chini ya mti, na mwenzao Jacob Wainwright akachonga maandishi kwenye shina. Mwaka 1899 mti ule ulikatwa, na kile kipande chenye maandishi kikasafirishwa hadi London. Hebu fikiria mchoraji aliyepita pale mapema, akachora matawi na majani kwa ustadi wote, akaliacha gome kwa sababu lilikuwa kazi ngumu.

5. Pima kwa mwili wako

Wataalamu wa misitu hupima mzingo wa shina kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Fanya hivyo, kisha upime tena kwa vipimo vya wenyeji. Pima moja ni mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kama mita 1.8. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Shibiri ni kiganja kilichotanuliwa. Ukisema "pima tano na shibiri" babu anaukumbatia mti kichwani mwake palepale. Ukisema "mita 9.2" anakutazama tu. Na waachie watoto kazi ya kushikana mikono kuzunguka shina. Watagombana nani asimame kwenye mchongoma, lakini utapata kipimo, na watakulindia mkeka wiki nzima.

Kimo ni rahisi: msimamishe mtu kwenye shina, nyoosha mkono wenye penseli, uhesabu anaingia mara ngapi hadi kileleni. Njia hii itakushinda kwenye mkukusu mmoja ulio bondeni upande wa kusini wa Kilimanjaro. Ulipimwa ukakutwa na mita 81.5, na tangu habari zake zitangazwe 2016 unahesabiwa kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika. Ule chora pale unapotoka ardhini, kilele waachie ndege.

6. Umri wa kuambiwa uutilie shaka

Kila mbuyu una miaka elfu moja, ukimwuliza mwongoza watalii. Ukweli ni kwamba mbuyu ni mgumu kuhesabiwa: pete zake za ndani hazitegemeki, na mkongwe mara nyingi uko mtupu katikati. Wanasayansi hulazimika kupima kaboni kwenye vipande vidogo vya mti. Kwa njia hiyo mbuyu wa Panke, Zimbabwe, ulikadiriwa kuwa na miaka kama 2,450 kabla haujafa mwanzoni mwa muongo wa 2010. Unene peke yake hudanganya, maana mbuyu uliopata maji mengi hunenepa haraka kuliko mwenzake wa kwenye mwamba. Ndiyo, mbuyu ulianza kama mchicha, lakini hakuna aliyeandika tarehe ya mchicha.

Badala ya "mti huu una miaka mingapi?" uliza hivi: "Bibi, ulipopata akili uliukuta mkubwa hivi?" Kisha umsaidie kwa matukio. Wakati wa El Nino ya 1997 ulikuwa na tawi lile? Wakati wa Vita vya Kagera? Mlipohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa? Siku ya Uhuru? Utashangaa jinsi mtu asiyekumbuka mwaka aliozaliwa anavyokumbuka tawi lililoanguka juu ya banda la kuku.

7. Uliza watu watatu, uandike hadithi tatu

Hapa ndipo wachoraji wengi wanapoharibu. Wanasikia hadithi nzuri ya kwanza, wanaiandika chini ya mchoro kwa mwandiko wa kupendeza, basi. Mimi huandika zote, hata zikipigana.

Chukua Ujiji, mahali ambapo Henry Morton Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Watu huja kuuona mwembe wa siku ile. Mwembe ule haupo, na miembe miwili iliyopo huelezwa kuwa imetokana na vipandikizi vyake. Je, ni mti uleule? Mkulima atakwambia ndiyo, kipandikizi ni mti wenyewe umehamia mguu mwingine. Mtu wa makumbusho anaweza kukwambia hapana. Mimi niliandika chini ya karatasi "watoto wa mwembe", nikaendelea na majani.

Au Thika, Kenya. Mtabiri wa Wagikuyu, Mugo wa Kibiru, anasimuliwa kuwa alisema mti wa mugumo wa pale ukianguka, utawala wa Wazungu nao utaanguka. Husimuliwa pia kwamba wakoloni waliuimarisha kwa vyuma usije ukaanguka, na kwamba radi haikujali vyuma vyao. Uliporomoka mwaka 1963, na Desemba mwaka huohuo Kenya ikapata uhuru. Wapo wanaokuapia kila neno la habari hii na wapo wanaotabasamu. Yaandike yote mawili, kiapo na tabasamu.

Lakini kuna mahali ambapo hadithi ni moja, na huzungumzwa kwa sauti ya chini. Old Moshi, Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa pale, pamoja na wenzake 18, kwenye mti ambao wenyeji wanauonyesha hadi leo. Kichwa chake kinaaminika kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake haujaacha kukitafuta. Mti wenyewe ni wa jamii ya migunga, si wa kumsimamisha mpita njia kwa ukubwa. Niliyekwenda naye hakuniambia neno lolote kwa muda mrefu. Nilichora matawi tu, bila kovu, bila mtu, bila maelezo ya pembeni, na sikuuliza mtu wa pili wala wa tatu.

8. Jua la saa sita si lako

Fika saa moja asubuhi, uondoke saa nne. Rudi saa kumi. Katikati ya hapo vivuli vyote vimejificha chini ya mti, na wewe ungefanya vivyo hivyo. Mbuyu uchore kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, ndipo utakapoiona mifupa yake. Ukitaka maua, ujue hufunguka jioni na kungoja popo usiku, kwa hiyo chukua tochi na mtu asiyeogopa.

9. Ipo miti ambayo hutaichora

Ukiona vitambaa vyeupe na vyekundu vimefungwa kwenye tawi, chetezo cha ubani, chupa ya marashi, sarafu kwenye pango la mizizi, hapo pana mwenyewe hata kama humwoni. Usiguse, usisogeze chupa ili mchoro upendeze. Uliza. Ukiambiwa hapana, funga daftari, na usichore kwa kukumbuka ukifika nyumbani, maana huo ni wizi wa polepole.

Kwenye makaya ya Wamijikenda, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008, wazee wana masharti yao. Kaya Kinondo, kusini mwa Mombasa, hupokea wageni, lakini utavikwa kitambaa cheusi na hutatoka na hata kijiti. Uchagani, lile jani refu la isale unalolidhania pambo la ua linaweza kuwa mpaka wa shamba, kaburi la babu, au msamaha uliombwa na ukakubaliwa. Ukilichuma kwa sababu linakuziba usione mti, utakuwa umechuma kesi.

10. Wachore na waliokaa chini

Mti bila watu ni picha ya kitabu cha botania. Zanzibar, barabara ya Mizingani, karibu na Dispensari ya Zamani, upo mtini mkubwa ambao wageni wanauita Mti Mkubwa na wenyeji wanauita Mtini, yatosha. Inasemekana ulipandwa 1911, mwaka Sultani Khalifa bin Haroub alipokalia kiti, na wengine husema aliupanda kwa mkono wake. Uzuri wake kwangu ni kivuli. Mafundi wa mashua wamefanya kazi chini yake, na manahodha wa kupeleka watalii Changuu hukaa pale kungoja abiria. Niliutazama wiki moja nikagundua kivuli kina ratiba: asubuhi wanakaa upande huu, alasiri wote wanahama na mabenchi yao kama mshale wa saa. Nikachora mabenchi mara nne kwenye karatasi moja. Watu husema imetoka fujo. Mtini pia ni fujo.

11. Nyuma ya karatasi andika tarehe na mahali

Si "mbuyu, Pwani". Andika kijiji, mtaa, umesimama wapi, unatazama upande gani. Mei 1862 Thomas Baines alichora kundi la mibuyu katika nchi ambayo leo ni Botswana. Kwa kuwa mahali panajulikana, watu wamesimama palepale zaidi ya karne moja baadaye, wakalinganisha, wakakuta mibuyu karibu ile ile. Huo ni ushahidi ambao hakuna mwongoza watalii anayeweza kuupinga.

Na uanze na miti iliyo njiani, kwa maana zote mbili za neno hilo. Mwaka 2020 mugumo wa Waiyaki Way, Nairobi, ulikuwa ukatwe kupisha barabara mpya ya juu. Watu walipiga kelele, na Novemba ikatoka amri ya rais kuwa usiguswe. Mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi iling'olewa mizima mizima ili isafirishwe hadi Georgia, kule karibu na Bahari Nyeusi, kwenye bustani ya tajiri. Hapo awali niliamini ule usemi wangu wa mwanzo kwamba mti hauhami. Nimeuacha kama ulivyo, lakini siku hizi nachora kwa haraka kidogo.

12. Rudisha nakala

Usichukue mti wa watu ukaenda kuutundika sebuleni kwako peke yako. Nilipomaliza ule mkwaju wa Pangani nilitoa kopi kwenye stesheneri, nikaitia kwenye fremu ya bei nafuu, nikampelekea yule babu wa kahawa. Akaitundika kwenye msumari wa shina lenyewe, mti juu ya mti. Wazee wakajaa. Wa kwanza akasema tawi la kulia nimelipinda mno. Wa pili akasema si kupinda, lilielemewa siku jahazi moja lilipofungwa hapo. Wa tatu akauliza jahazi gani, mbona yeye hakuambiwa, na wakati huo akina nani walikuwa wavuvi hapa. Nikatoa daftari.

Babu alikuwa kimya, ameikaribia picha mpaka pua inagusa kioo.

"Dele umelichora," akasema. "Vikombe umevichora. Kiti changu kitupu. Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikwenda kuchota maji, babu."

"Nimekaa hapa tangu huyu mwenyekiti hajazaliwa, wewe umenikuta kisimani." Akakaa kwenye kigoda, akanyoosha kanzu, akashika dele mkono wa kulia, akageuza uso upande wa mto. "Haya. Nangoja."